Matundu Mia Mbili na Themanini

Jumatatu, 8 Januari

Kazi imeanza saa mbili na nusu. Imeisha saa kumi. Mapumziko: moja.

Hayo ndiyo niliyoamriwa kuandika humu, na nimeshayaandika, kwa hiyo ukurasa uliobaki ni wangu. Daftari nimepewa na mjukuu wangu. Yeye na wenzake wa kidato cha tatu wamefungua duka la nguo hukohuko shuleni, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Wameliita Duka la Mshono wa Haki. Jina hilo wamelipigia kura siku tatu. Maana yake ni kwamba nguo wanayouza, aliyeishona amelipwa vizuri, hakufokewa, hakufungiwa mlango, na jina lake limeandikwa kwenye lebo ndani ya kola, ili mnunuzi ajue amevaa jasho la nani.

Basi jasho lenyewe ni mimi. Nimeshona miaka arobaini na sita, mtaa mzima unaniita Sindano, na katika miaka yote hiyo hajatokea mteja akaniuliza kama nina furaha. Hawa watoto wameniuliza mara nne kwa wiki moja.

Mjukuu wangu ndiye meneja. Ana miaka kumi na sita na nepi zake nimezifua kwa mikono hii, lakini akiingia na kile kibao chake cha kubania karatasi najikuta nimesimama wima kama askari.

"Babu, kila fundi wetu lazima aandike saa zake za kazi. Ndiyo kanuni."

"Mna mafundi wangapi?"

"Wewe."

Mimi niliishia darasa la nne. Sikufeli. Mwalimu na mimi tulikubaliana kwamba mmoja wetu aondoke, na yeye ndiye aliyekuwa na mshahara. Kwa hiyo atakayesoma humu asije kunitafutia nukta na mkato.

Jumanne, 9 Januari

Mashati mawili. Chai nyepesi, lakini nikilalamika naambiwa nichemshe mwenyewe.

Jumamosi, 13 Januari

Leo nimekaguliwa. Amekuja Meneja na msaidizi wake, binti mwenzake mwenye miwani mikubwa kuliko uso, nami nikamwita Miwani papo hapo, hakukasirika. Wamepima dirisha kwa futi kamba yangu mwenyewe. Wamefungua mlango wa nyuma na kuufunga, wakaufungua tena, kuona kama moto ukizuka nitatoka. Wameishika pasi ya mkaa, wameitazama meza ya kukatia, wamekikalia kiti changu kwa zamu.

Kisha maswali. Miwani anauliza, Meneja anaandika.

"Mzee, je, unalazimishwa kufanya kazi hii?"

"Ndiyo. Na mke wangu. Tangu nioe."

Kalamu ya Meneja ikasimama. "Babu!"

"Si umesema niseme kweli?"

"Je, kuna mtu anakupigia kelele kazini?"

"Ndiyo huyohuyo."

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango wa ndani, shati mapajani, anazungushia uzi matundu ya vifungo. Hakuinua kichwa.

"Wafanyakazi wangapi humu?"

"Mmoja," nikasema.

Meneja akamtazama nyanya yake. "Na Bibi?"

"Bibi anasaidia saidia tu. Anapoteza muda."

"Mh," akasema mke wangu.

Meneja akaandika: mmoja. Halafu wakabandika ukutani, karibu na kioo, karatasi yenye kanuni saba. Ya pili inasema mfanyakazi atapumzika anapochoka. Ya sita inasema kila aliyeshona jina lake litakuwa kwenye nguo. Zimeandikwa kwa wino wa kijani. Wamenisomea zote kwa sauti kama ninaapishwa uwaziri.

Jumatano, 17 Januari

Uzi mweupe umekwisha. Nimepumzika kwa mujibu wa kanuni ya pili mpaka umeletwa.

Jumatatu, 22 Januari

Mashati tisa ya kwanza yamekwisha siku mbili. Mwalimu wa hesabu amenunua moja, na leo kanifuata hapa nyumbani kunishika mkono. Kasema maisha yake yote hajajua nani kamshonea nguo, na sasa anajua, na anajisikia kama amevishwa na ndugu. Akachezea vifungo. "Tena matundu yake, mzee! Yamekaa kama macho ya kuku."

"Tunajitahidi," nikasema.

Nyuma yangu: "Mh."

Jumamosi, 3 Februari

Nimepata raha mpya. Lebo zao zimeandikwa "Imeshonwa na Sindano, mwanzo hadi mwisho, kwa mkono mmoja." Nafasi inabaki chini. Nimekuwa nikiongeza kidogo kwa wino. "Fundi huyu bado ana meno yake." "Mfuko wa kushoto umeshonwa baada ya kula, kwa hiyo ndio imara." Moja niliandika "Ukilifua kwa maji ya moto nitajua."

Meneja alikuja amevimba. "Babu, hii ni biashara!"

"Wateja wamesemaje?"

Miwani ndiye aliyetoboa siri: wateja wanafungua kola zote dukani kusoma kabla ya kuchagua, na kuna mama mmoja kanunua mawili kwa ajili ya meno yangu.

"Endelea," akasema Meneja, "lakini usitukane mtu."

Jumatatu, 12 Februari

Leo habari kubwa, tena ina miiba.

Mkuu wa shule ni mama mmoja mrefu asiyecheka. Amewaita watoto ofisini na kuwaambia anakitaka chumba chake. Madawati mabovu yamelala nje, yanaoza, na yeye haoni kwa nini mbao za shule zinyeshewe ili watu wauze mashati. Lakini si mtu mbaya. Kawapa mtihani. Siku ya Wazazi, tarehe thelathini Machi, kwaya ya shule inahitaji mashati arobaini. Mashati yakiwa tayari, na wazazi wakiridhika kwamba duka linafanya linachokisema, chumba kitabaki chao. Yasipokuwa tayari, madawati yanarudi ndani na duka linakufa.

Meneja kanisimulia huku anatembea kutoka cherehani hadi mlangoni, mlangoni hadi cherehani. Sijamwona hivyo tangu alipong'oka jino la kwanza.

"Babu, utaweza? Arobaini?"

"Mtoto, mimi nilishawahi kushona suti ya bwana harusi asubuhi ya harusi, na bwana harusi akiwa ndani yake."

Akacheka. Kisha akanikumbatia shingoni, jambo ambalo meneja hatakiwi kumfanyia fundi.

Alhamisi, 22 Februari

Mashati kumi na manne yameshonwa. Mgongo unauma. Nimemwambia mke wangu anikande, kasema anangoja kuona kama iko kwenye kanuni.

Jumatatu, 26 Februari

Nimemkuta mke wangu amesimama mbele ya karatasi ya wino wa kijani, anasoma na kidole. Ametumia muda. Alipomaliza kanuni ya saba akarudi juu, akaanza upya.

"Unatafuta nini humo?" nikamuuliza.

"Nasoma tu. Napoteza muda."

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza. Bati linapiga ngoma. Sijamsikia Meneja akinisomea kanuni, raha tupu.

Jumanne, 5 Machi

Mashati yote arobaini yameshonwa, nayo tarehe ni tano tu! Yamebaki matundu na vifungo. Yametundikwa kwenye kamba chumba kizima, meupe, ukiingia unahisi umekosea ukaingia mkutano wa mizimu.

Alasiri kaja mwalimu wa kwaya kujaribu moja. Kijana mwenye sauti nene. Alikuwa amevaa shati letu la Januari, akapitisha kidole kwenye vifungo vyake na kutikisa kichwa. "Mzee, mimi baba yangu alikuwa fundi. Matundu ya namna hii mashine haiwezi. Nani kakufundisha?"

Nilipaswa kufikiri. Sikufikiri.

"Hakuna aliyenifundisha," nikasema. "Mkono wangu umezaliwa hivi."

Nyuma yangu hapakuwa na "mh". Nilisikia sindano ikichomekwa kwenye kimto chake. Kisha kigoda kikasogezwa. Kisha mlango wa ndani.

Jumatano, 6 Machi

Kigoda kitupu. Nimemkuta barazani, miguu ameinyoosha, anatazama mvua kama mtu aliyelipia tiketi.

"Mama watoto, mbona sindano imelala?"

"Nimepumzika."

"Mpaka saa ngapi?"

"Kanuni ya pili. Mfanyakazi atapumzika anapochoka. Saa haikuandikwa."

"Lakini wewe si mfanya..." Nikajaribu kulirudisha neno. Lilishatoka.

"Ndiyo hapo," akasema kwa upole kabisa. "Mimi si mfanyakazi. Na mtu asiye mfanyakazi huwezi kumwambia amegoma. Tazama mvua hii, bwana. Nzuri sana."

Alhamisi, 7 Machi

Bado anatazama mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemnunulia sabuni ya kunukia. Ameipokea, ameshukuru, ameiogea. Anatazama mvua huku ananukia.

Jumapili, 10 Machi

Basi niseme ukweli, maana hapa ndani hanisikii mtu. Matundu ya vifungo sijawahi kuyaweza. Tangu mwanzo. Tulipooana nilikuwa nayatafuna kama panya, na wiki ya pili ya ndoa yeye akaninyang'anya shati mkononi, akasema "hebu lete", na hakulirudisha tena. Ni miaka arobaini na moja. Kila shati, kila koti, kila gauni lenye vifungo lililotoka nyumba hii, tundu lake ni la mke wangu. Na mimi sikuwa mwongo, sikuwa najua kwamba nadanganya. Kwangu ilikuwa kama pumzi. Nani anaandika pumzi kwenye lebo?

Jana na leo nimejaribu mwenyewe. Tundu la kwanza lingepitisha ndizi. La pili halikupitisha hata kifungo cha shati la mwanasesere. La tatu nimejishonea na suruali, nikainuka na shati la kwaya likaninyanyukia mapajani. Mke wangu alipita kuchukua maji. Alitazama. Hakucheka, na hiyo ndiyo iliyouma.

Matundu saba kwa shati, mara arobaini. Mia mbili na themanini. Nimetengeneza matatu, na yote ni ya aibu.

Jumanne, 12 Machi

Meneja kaja kuchukua mashati ya kwanza kumi ya kupiga pasi. Akashika lile langu. Akaweka kidole kwenye tundu la ndizi, kikapita mpaka kiungo cha pili.

"Babu, hii ni nini?"

"Mtindo mpya. Unapitisha hewa."

Hakucheka. Akatazama shati la pili, la tatu. Akatazama kigoda. Huyu mtoto ana akili ya nyanya yake, inafika polepole lakini haipotei njia.

"Matundu yalikuwa ya Bibi," akasema. "Yote."

Nikajaribu kusema hiki na kile. Akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Mashati thelathini na moja, Babu. Tumeuza thelathini na moja. Yote yameandikwa mwanzo hadi mwisho kwa mkono mmoja. Watu wamenunua kwa sababu ya maneno hayo."

"Ni matundu tu, mjukuu wangu. Uwazi. Mtu halipii uwazi."

"Basi utoe kwenye shati uone kama utalifunga!" Sauti yake ilipasuka. Akakaa kwenye kigoda cha nyanya yake, kibao chake mapajani. "Na mimi nilimwona. Siku ya ukaguzi. Alikuwa hapa hapa, ana sindano mkononi, na mimi nikaandika mmoja. Nimekaguaje?"

Nilitaka kumtania. Nilitafuta utani kila mfuko, sikuupata.

Alhamisi, 14 Machi

Wamekutana wenye duka, wote kumi na mmoja. Miwani alisema jambo la busara: nani atajua? Bibi hasemi, Babu hasemi, lebo mpya ziandikwe vizuri kuanzia sasa, ya nyuma yamepita. Wengi wakakubali. Meneja akasema duka likianza kuficha, halina tofauti na lile la mtaa wa pili linalouza nguo za elfu mbili na hakuna anayejua zinatoka kwenye mikono gani. Wakagombana mpaka kengele. Mwisho wamebandika tangazo mlangoni kwa wino wa kijani: waliouziwa mashati waje, lebo zina kosa, kosa ni letu.

Miwani kanisimulia yote hayo, akaongeza, "Mkuu wa shule amelisoma, mzee. Amelisoma mara mbili. Amemwita Meneja. Amemwambia duka la haki linalodanganya ni baya kuliko duka la kawaida, na kwamba atafikiri."

Mwalimu akisema atafikiri, ameshafikiri. Hilo nalijua tangu darasa la nne.

Ijumaa, 15 Machi

Kazi: hakuna. Nimeenda shule.

Asubuhi wanafunzi wote husimama kwenye mistari uwanjani, mkuu wa shule anawasemesha. Nimevaa koti langu la harusi, nikapita getini, mlinzi akadhani nimekuja kulipa ada. Nikaenda moja kwa moja mbele. Matope mpaka vifundoni.

"Mzee, kuna shida?" mkuu wa shule akaniuliza.

"Ipo. Ndiyo mimi."

Watoto wakacheka. Nikawageukia. Wale mia tano na zaidi, wananitazama, na mimi tangu niondoke shule sijawahi kusimama mbele ya mstari ila wa kupigwa.

Nikawaambia: mimi ndiye Sindano wa kwenye lebo. Meno ni yangu kweli. Lakini matundu si yangu. Ni ya mke wangu, na mimi nimeyaiba mchana kweupe miaka arobaini na moja, hata mwizi wa kuku hana rekodi hiyo. Hawa mabinti waliniuliza wafanyakazi wangapi, nikawajibu mmoja, na wao kosa lao ni moja tu, walimwamini mzee. "Nanyi mkikua," nikasema, "mkimkuta mzee anajisifu, mtazame nyuma yake nani kashika sindano."

Halafu mwalimu wa hesabu akapiga makofi, peke yake, akaona haya, akaacha. Halafu wote wakapiga.

Mkuu wa shule hakupiga. Alinisindikiza hadi getini. "Mzee, umesema vizuri. Lakini mimi nina kwaya isiyo na mashati, siku kumi na tano."

"Mashati yapo, mwalimu. Hayafungiki tu."

"Hilo kamwombe mwenye kuyafunga," akasema.

Nimefika nyumbani, nikasimama barazani mbele ya mke wangu, koti linachuruzika maji. Habari ilishanitangulia, mtaa huu hauhitaji redio. Nikasema, "Nimekosa."

"Vua hilo koti, utapata kichomi," akasema. Kisha, "Walete wale mabinti kesho. Waje na kile kibao."

Jumamosi, 16 Machi

Ukaguzi wa pili. Safari hii mimi nimetolewa nje, nimesikilizia mlangoni.

"Bibi, je, unalazimishwa kufanya kazi hii?" Sauti ilikuwa ya Miwani.

"Hapana. Naipenda. Hilo andika kwanza."

"Je, mahali unapokaa panafaa?"

"Hapafai. Mwanga unakuja upande, kigoda hakina mgongo. Dirishani ndipo penye mwanga, na dirishani kuna cherehani ya mtu anayeshona mshono ulionyooka tu, ambao hata kipofu angeushona."

"Andika 'anayeshona mishono iliyonyooka'," akasema Meneja.

"Andika na kipofu," akasema mke wangu.

Masharti yake manne. Kiti chenye mgongo. Dirisha. Malipo yake mkononi mwake, si kupitia kwa mtu. Na saa kumi kila siku chai, iliyochemshwa na mwingine, isiyokuwa nyepesi.

"Na lebo, Bibi? Tuandike 'Bi Sindano'?"

Nikasikia kigoda kikilia. "Sindano ni yeye. Mimi nyumbani kwetu shangazi alinipa jina la Mnana, kwa sababu nilikuwa nashona majani kama yule ndege anayefuma kiota. Nina miaka arobaini na moja sijaitwa. Andika Mnana."

Nikasukuma mlango. "Hilo jina mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema. "Wewe ulikuwa unauliza chai iko wapi."

Tumehamisha cherehani, mimi na mabinti wote wawili. Imekaa dirishani miaka thelathini. Miguu yake imeacha mashimo manne sakafuni. Sasa mimi nakaa karibu na mlango wa ndani. Mwanga huku ni mbaya kweli.

Jumatatu, 18 Machi

Mnana ameanza. Ishirini na sita kwa siku, kasema, Jumapili hakuna, na asiharakishwe. Nimepiga hesabu kwenye vidole vya watu watatu. Itafika Ijumaa, tarehe ishirini na tisa, ikiwa hakuna anayeugua.

Chai yangu ya kwanza ameionja, akaimwagia mchicha.

Alhamisi, 21 Machi

Chai: imenywewa nusu. Nashona vifungo. Nimeketi nikamtazama anavyofanya, mara ya kwanza tangu tuoane nadhani. Anakata mpasuko mdogo, anauwekea uzi wa kutangulia, halafu anazungushia, kila pigo fundo, mapigo arobaini na kitu kwa tundu, hayapishani hata unywele. Midomo inahesabu bila sauti. Nilidhani miaka yote alikuwa ananisema.

"Unatazama nini?"

"Nakagua."

"Kagua chai."

Jumanne, 26 Machi

Umeme umekatika, mvua imefunga mbingu, saa tisa mchana kiza. Amevuta kiti mpaka kwenye ukingo wa dirisha, ameendelea. Bila dirisha tungekwisha. Sijamwambia. Hapana, nimemwambia.

Ijumaa, 29 Machi

Saa tisa na dakika arobaini. Mia mbili na themanini. Amechomeka sindano, amenyoosha vidole kimoja kimoja. Meneja amelia, Miwani amelia miwani ikaingia ukungu, mimi nilikuwa jikoni na vitunguu.

Jumamosi, 30 Machi

Siku ya Wazazi. Mvua imekaa kimya kwa heshima.

Kwaya imeimba ndani ya mashati arobaini meupe, kila moja limefungwa vifungo saba mpaka shingoni, hata wale wavulana ambao tangu wazaliwe hawajafunga cha juu. Mnana aliketi mstari wa mbele. Watu wanatazama nyuso za watoto wao. Yeye alitazama vifungo, vyote, kimoja kimoja.

Baadaye dukani. Kwenye kile chumba Meneja alikuwa amesimama nyuma ya meza, amepauka. Nje kulikuwa na foleni ya watu wenye mashati yetu ya zamani mikononi. Waliolisoma tangazo. "Wanarudisha, Babu," akaninong'oneza. "Mbele ya mkuu wa shule."

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu. Akaliweka shati mezani. "Hamjaniandikia wa pili," akasema. "Nataka na Mnana."

Yule mama wa meno yangu akaweka yake mawili. Hakuna kati yao aliyetaka kurudishiwa chochote. Walitaka jina.

Basi nikapewa kiti, sindano na rundo la lebo, nikaanza kushonea. Saa nzima. Saa mbili. Kola baada ya kola, jina la mke wangu chini ya langu, na mzazi mmoja akaomba liwe juu, nikaliweka juu. Mnana alisimama begani kwangu, mikono nyuma, anakagua. Mbele yake nilishona kama mwanafunzi. Wazazi waliojaa mlangoni wakaanza kuuliza bei ya yaliyotundikwa ukutani, na Miwani akawa anakimbia.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mkuu wa shule. Kumbe alinunua moja Januari, la mume wake, hakumwambia mtu. Akaliweka mbele yangu.

"Madawati nimeyapatia sehemu nyuma ya maktaba," akamwambia Meneja, kama anayetaja hali ya hewa. "Paa lipo. Chumba kaeni nacho."

Meneja alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nami nikaharakisha mapigo ya mwisho, nikakata uzi kwa meno yangu maarufu, nikamnyooshea mkuu wa shule shati lake.

Mnana akalichukua kabla halijamfikia. Akaligeuza kola kwenye mwanga.

"Limepinda," akasema. "Fumua."

"Mimi naona liko sawa kabisa," akasema mkuu wa shule.

"Mwalimu, wewe mambo yako ni madawati," mke wangu akamwambia. "Bwana, fumua."

Mkuu wa shule akavuta kiti, akakaa, akangoja. Nami nikafumua.